Tundu la Juu la Konokono

3 Februari

Mjomba Barafu,

Shikamoo. Huku hatujambo, kwa maana kwamba anayeumwa haumwi sana. Goti la kushoto la mama linamsumbua kwenye ngazi, lakini ukimwambia akae anakuuliza kama goti ni lako. Paka amezaa tena, safari hii juu ya madaftari ya hesabu ya darasa langu, kwa hiyo wanafunzi wana wiki nzima hawajasahihishiwa na wanamwombea paka uzazi mwema. Ningekupigia simu, ila najua masikio yako yameliwa na mashine za ghala la barafu, na ukipigiwa unaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, hata usichokubali. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Mama anataka kuja kukuona. Alilisema juzi mezani huku akimenya viazi, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Miaka ishirini na miwili ninyi wawili mmekuwa mkitumiana salamu kupitia kwangu, utadhani mimi ni dirisha la posta, na leo anasema anakuja! Nikarukia hapo hapo, nikasema likizo ya Agosti nitakata tiketi mbili za basi. Akasema hapana. Atakuja na Konokono au haji.

Unamkumbuka Konokono, au nawe umemsahau kama sisi? Gari mlilolivunja viti wewe na baba mkaligeuza nyumba, vitanda viwili, jiko, meza ya kukunja na friji ya gesi, ili tumfuate baba kwenye barabara alizokuwa akizipima. Tangu baba afe limelala bandani na kuku wanataga kwenye usukani. Nimemleta fundi wa magari wa mtaa wa pili, akahangaika siku tisa, na siku ya kumi Konokono alikohoa, akatoa moshi mweusi, akanguruma. Mama alisimama mlangoni na upawa mkononi, kisha akarudi jikoni.

Kinachonitisha ni friji. Mama sasa anachoma sindano za sukari kama baba. Anakuja na dawa ya miezi mitatu, na muuguzi ameniambia ikae kati ya nyuzi mbili na nane, isizidi, na njia yenyewe ni siku tatu za jua kali. Jumamosi niliwasha friji. Moto ulishika, wa buluu, mzuri. Baada ya saa sita kipimajoto ndani kilisoma nyuzi kumi na tisa. Mjomba, hiyo ni kabati, si friji. Wewe ndiye uliyeifunga humo garini, niambie nifanye nini.

Ni mimi mpwa wako unayemwita Maswali


22 Februari

Maswali,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenikuta nimeng'olewa jino la mbele, la juu, na sasa kila nikisema neno lenye "s" napiga mluzi. Jirani muuza vitabu anadhani namwita. Nimestaafu ghalani tangu mwaka jana, natengeneza friji za watu sebuleni kwangu, na sebule imejaa hadi wageni wanakaa juu ya friji.

Kwanza nikugombeze. Umewasha friji ya gesi iliyolala miaka ishirini na miwili bila kukagua bomba? Una akili timamu? Mpira wa gesi unakauka unapasuka. Nunua mpira mpya leo hii, upake povu la sabuni kila kiungo, na ukiona povu linachemka funga mtungi na ufungue madirisha yote. Hilo halina mjadala.

Pili, umeniuliza kama nimemsahau Konokono. Nimemsahau vipi? Kitanda chako nilikikata mwenyewe, ukaja kulala juu yake kabla sijapiga msasa na ukachomwa na vijiti vya mbao mgongoni. Baba yako alikuwa akipima barabara mchana, na jioni anakaa kwenye ngazi ya Konokono na beseni la kuoshea miguu, anatusomea namba zake za siku kwa sauti kana kwamba ni habari za taifa. Hatukuelewa hata moja, lakini tulikuwa tunasubiri. Sijapata tena kucheka vile.

Sasa sikiliza. Friji ile iache. Nunua boksi la barafu, lile zito lenye kuta nene, panga dawa katikati ya barafu ukizifunga kwa taulo zisigande, badilisha barafu kila mji. Mtafika salama. Unajua mwenyewe kilichompata shemeji yangu, baba yako: dawa zake ziliharibikia ndani ya friji niliyoifunga kwa mikono hii, sukari ikapanda, na baada ya miezi miwili tulikuwa makaburini. Nilisema siku ile kwamba friji ile isitumike tena. Bado nasema.

Mwambie dada nimefurahi sana kusikia anakuja. Mwambie goti asilikandamize.

Mjomba wako


10 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole na jino. Paka ameyahamisha makazi kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kofia yangu. Mpira wa gesi nimebadilisha, povu nimepaka, halikuchemka hata kiungo kimoja. Umeridhika?

Boksi la barafu nimelipeleka mbele ya mama. Akalitazama, akaniambia boksi hilo ni la kuuzia soda uwanjani. Nikamsomea ulichoandika, mpaka pale pa shemeji. Aliniacha nimalize, akachukua boksi akalitia vitunguu. Kisha akasema maneno haya, nakuandikia kama alivyoyatoa: "Mwambie mdogo wangu nataka kumfikishia friji yake ikiwa inagandisha." Nikamuuliza kwa nini iwe lazima. Akaniuliza kama nimeshaanua nguo kwenye kamba.

Mjomba, fundi wa friji kuniambia nisitumie friji ni sawa na fundi cherehani kuniambia nitembee uchi. Wewe? Wewe uliyekuwa hutoki kwenye nyumba ya mtu bila kikombe? Nakumbuka vizuri sana. Ukishatengeneza friji unaweka kile kikombe chako cha bati chenye maji kwenye sehemu ya kugandishia, unavuta kigoda, unakaa. Mwenye nyumba akikuambia nenda, unasema hujamaliza. Maji yakiganda ndipo unaandika tarehe kwa penseli nyuma ya friji na kuchora kikombe kidogo pembeni, halafu unapiga kikombe kwenye ngazi na kutugawia barafu, kila mtoto kipande. Nilidhani watu wote duniani hulipwa kwa kazi yao kwa kutazama watoto wakitafuna barafu.

Daktari amesema mama asafiri mwaka huu, macho yake yanaanza kufifia na mwaka kesho huenda asione vizuri alichofuata. Hataki basi, hataki boksi. Nisipoipoza friji hii, hamtaonana. Nimeandika wazi ili usije ukasema hukuelewa. Nipe maelekezo.

Maswali


2 Aprili

Maswali mkaidi,

Umemrithi mama yako, na mama yako alimrithi bibi yako, na bibi yako alimshinda hata mchungaji. Mimi ni nani?

Haya. Watu wakiona moto chini ya friji hucheka, lakini kwa friji hizi moto ndio unaogandisha. Moto unachemsha dawa ya kupozea iliyo ndani ya mabomba, dawa inapanda, inazunguka, na inaposhuka inanyonya joto kutoka kwenye sanduku la chakula. Haina mashine wala kelele. Ndiyo maana wavivu hawaipendi, haikulilii ikiumwa, inanyamaza tu na maziwa yanachacha.

Chukua pimamaji, uweke ndani kwenye rafu. Povu likae katikati kabisa. Gari likiinama, dawa inagoma kushuka. Weka mawe chini ya magurudumu hadi likae sawa. Kisha kagua mpira wa mlango: funga karatasi mlangoni uivute, ikitoka bila ubishi mpira umekwisha. Kichomeo ukisugue kwa mswaki mkavu, moto uzimwe kwanza, maana nakujua. Tundu la hewa la chini, lile la upande wa nje karibu na gurudumu, lazima lina utando wa buibui na pengine kiota cha nyigu. Lisafishe. Egesha upande wa friji kivulini. Usijaze vyakula vikabanana, hewa ipite. Na unapoendesha zima gesi. Friji iliyoganda vizuri inashikilia saa nne au tano. Endesha saa tatu, simama, washa, pumzikeni. Safari itakuwa ya siku nne, lakini dada atafurahi, alipenda kusimama kila mahali kutazama mawe.

Hayo yanatosha. Kwingine usiguse, mabati yale ni makali na gari ni la zamani.

Jana nilipika uji ukaungua kwa sababu nilikuwa nimekaa nikimkumbuka baba yako na beseni lake. Barua zako zinanigharimu masufuria.

Mjomba


29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, goti hajambo, paka amehamia kwa jirani na watoto wake wote. Nimemaliza kusahihisha mitihani na nimegundua kwamba darasa langu halijui sehemu, ila linajua kunidanganya.

Nilifanya yote uliyoagiza, na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu niliandika joto kila nusu saa. Kusawazisha gari kulishusha nyuzi mbili. Mpira mpya wa mlango, nyuzi moja. Tundu la chini lilikuwa na viota vitatu vya nyigu, wamehama wote asante Mungu, na likashusha nyuzi mbili nyingine. Kumi na nne. Hapo ikagoma. Siku tatu, kumi na nne, haiteremki hata ukiiimbia.

Fundi wa magari alikuja kuchukua bisibisi yake. Akaweka kiganja kwenye tundu la chini, akakiacha, akaniuliza swali moja tu: hewa inayoingia hapa inatoka nje kupitia wapi? Mjomba, nilirudia barua yako mara mbili. Umeniandikia mpaka mswaki. Tundu la juu hukulitaja hata kwa bahati mbaya.

Nilipanda kigoda. Skrubu nne. Nilipoondoa kifuniko sikuona mabomba, niliona kitambaa, kimesokomezwa kikajaa pembe hadi pembe. Nikakivuta, kikaja kwa vumbi lake lote, na vumbi lilipotua nilikuwa nimeshika gauni langu la njano, lile la vifungo vya mbao. Gauni nililolililia wiki nzima nikiwa na miaka tisa. Mama alisema limepeperushwa na upepo kambini.

Nilikaa kwenye nyasi, mjomba. Nilikumbuka kila kitu. Kitanda changu kilikuwa kando ya ukuta ule, barabara ilikuwa haijawekewa lami, malori yanapita na vumbi linaingia, na mimi nakohoa hadi natapika. Halafu nikaacha kukohoa. Sikujiuliza kwa nini, mtoto hajiulizi anapopona. Mama aliziba tundu ili mimi nipumue, na dawa za baba zikaiva kwa joto upande wa pili wa ubao.

Sijafika mwisho. Kwenye ubao wa ndani, pale pale tunduni, kuna tarehe mbili za penseli kwa mwandiko wako. Ya kwanza ina kikombe pembeni, ni siku uliyofunga friji. Ya pili ni tarehe kumi na nne Agosti, mwaka aliokufa baba. Ni siku uliyoitwa kambini kuikagua. Haina kikombe. Na mwezi uliofuata ulinitumia kwa posta gauni jingine la njano, la vifungo vya mbao vilevile, na mimi sikuwahi kukuambia kwamba langu limepotea.

Ulilikuta, mjomba. Ulilikuta ukalirudisha, ukashuka ukasema kosa ni lako. Sema kama nimekosea hesabu.

Mama sijamwambia.

Maswali


21 Mei

Mjomba, wiki tatu sasa. Barua yangu uliipata? Mama ameanza kupanga nguo kwenye sanduku, anazitoa, anazipanga upya. Nijibu hata mstari mmoja.

M.


11 Juni

Maswali,

Marahaba ya barua mbili. Niliipata. Iko juu ya friji ya mwalimu mkuu wa shule ya huku, niliyoletewa kutengeneza, tangu wiki ya kwanza ya Mei na kila asubuhi naihamishia juu ya friji nyingine. Nimeandika majibu manne na yote nimewashia jiko.

Hujakosea hesabu.

Ilikuwa saa sita mchana. Baba yako alikuwa amelala ndani, midomo imekauka, gari la kambi linasubiriwa kumpeleka hospitali. Mimi juu ya kigoda, dada chini yangu ameshika skrubu nne kiganjani. Niliingiza vidole nikagusa kifungo cha mbao. Nilijua ni nini kabla sijakiona. Nikamtazama dada. Alikuwa akiniangalia usoni kungoja nimwambie friji imekuwaje, na mwanangu, uso ule sitauelezea. Mumewe anapotea ndani, na mimi nimwambie ni gauni la mtoto wake, ni mkono wake? Yeye hakujua. Nani angemfundisha? Mimi niliyefunga friji sikumwambia kamwe kwamba tundu la juu ndilo pua yake. Nilikuwa fundi mwenye majivuno, nilidhani ukishamwonyesha mtu kikombe cha barafu umemaliza.

Basi nikaandika tarehe, kwa mazoea, mkono ulienda wenyewe. Nikaomba skrubu moja moja. Nikashuka nikasema nilikata tundu dogo, kosa langu, friji hii isiwashwe tena, maana ningeogopa mtu mwingine afungue. Alinipa mgongo akaingia ndani. Hatujazungumza sawasawa tangu siku hiyo. Mazishini nilisimama nyuma na wachimba kaburi. Baadaye kazi ya ghala ikatokea huku mbali, nikaishukuru. Nilijiambia anione mimi kuwa mbaya, mimi nina mabega, kuliko ajione mwenyewe kila akikutazama wewe. Naye alikuwa na wewe wa kulea.

Nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba jambo. Lichome gauni hilo. Usimwambie.

Sasa kazi, maana kazi haina kilio. Kata bati jembamba upana sawa na friji, ulikunje liegemee nyuma ya mabomba kuanzia chini hadi kwenye mdomo wa tundu la juu. Hewa ikiingia isizurure juu ya friji, ilazimike kupita katikati ya mapezi, yale mabati membamba ya moto yaliyoshika mabomba, na kutoka nje. Usilibane sana, acha nafasi ya vidole viwili. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwenye friji ufa ndio uhai wa nyumba. Tafuta feni mbili ndogo za kompyuta mbovu, uzifunge kwenye tundu la juu zikitoa hewa nje, si kuingiza, waya hadi kwenye betri ya gari na swichi ya kuzimia. Hakikisha hazivuti moto wa kichomeo ukazimika. Mwanya wowote kati ya nyuma ya friji na chumba uzibe kwa bati na gundi ya joto, moshi wa gesi usije ukaingia mnapolala. Na tundu la juu liwekee wavu wa chuma wa kuzuia nyigu. Wavu, si kitambaa.

Sijalala vizuri tangu Mei. Sasa nadhani nitalala.

Mjomba wako


6 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, na safari hii nimeitamka kwa sauti chumbani peke yangu. Nimeisoma barua yako nikiwa darasani wakati wa mapumziko na wanafunzi wakadhani nimefiwa. Nimekukasirikia kwa siku mbili. Siku ya tatu nimekupenda kuliko zamani, na sijui nikueleze vipi, kwa hiyo nakupa hesabu.

Bati limewekwa. Feni mbili zimefungwa, nimezitoa kwenye kompyuta za shule zilizokufa, mwalimu mkuu amenitazama tu. Baada ya saa sita: nyuzi saba. Baada ya saa kumi na mbili: nyuzi nne. Nje jua la kuchoma, ndani nyuzi nne! Siku tano zilizofuata sikuwahi kuona zaidi ya sita. Fundi wa magari aliweka kiganja juu ya tundu la juu, akakitoa haraka kwa joto linalotoka, akacheka peke yake. Kikombe chako cha bati nilikikuta kwenye droo ya Konokono. Nimekitia maji, yameganda. Sikukipiga kwenye ngazi. Hiyo si kazi yangu.

Sasa lile uliloniomba. Nimechelewa, mjomba. Barua yako ilifika Jumanne, na gauni nilikuwa nimelifua Jumapili, vumbi lile lilinitia huruma. Nililianika bafuni nyuma ya taulo. Nilipotoka kanisani lilikuwa limeondolewa. Nililikuta kwenye meza ya kupigia pasi. Mama alikuwa akilinyoosha, polepole, anazunguka vifungo kimoja kimoja. Alipomaliza akalikunja mara nne, akalilaza ndani ya sanduku lake la safari juu ya nguo zote, akafunga kufuli.

Hakuniuliza limetoka wapi. Mjomba, mtu asiyejua angeuliza.

Tunaondoka tarehe 28. Siku nne, kama ulivyosema, tutasimama kila penye mawe. Fagia sebule, ondoa angalau friji moja watu wapate pa kukaa.

Mpwa wako


3 Septemba

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Natumaini basi lilikufikisha salama na kwamba darasa bado lipo. Mama yako ni mzima. Ameipanga upya sebule yangu, ameniondolea friji tatu, na jirani muuza vitabu sasa anakuja kila siku kuuliza kama kuna chai. Konokono yuko uani, amekaa sawa juu ya mawe yako, kipimajoto jana kilisoma tano. Amesema nikuandikie kwamba goti linaendelea vizuri. Si kweli, lakini amesema.

Siku kumi ulizokuwa hapa tulizungumza goti, bei ya viazi, na meno. Ulikuwa unatutazama kwa zamu utadhani unaangalia mpira wa meza. Nilikuwa namwona anavyoliangalia lile sanduku. Mimi nilikuwa nimekwisha jiandaa: akinionyesha gauni, nitashangaa. Nilifanya mazoezi ya kushangaa mbele ya kioo, na pengo langu.

Asubuhi ya pili baada ya wewe kuondoka aliniita uani. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. Akaniambia nilete bisibisi nifungue tundu la juu, anataka kuona kazi ya binti yake. Nikapanda kigoda. Akasimama chini yangu, akanyoosha kiganja. Nikaweka skrubu moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipogeuka alikuwa ametoa gauni kwapani.

Akasema: "Hili ndilo lililoharibu friji yako. Nililitia mimi. Nilikuja kujua mwaka uliofuata, fundi alipokuja kwa jirani akavuta friji ukutani, akasema na yenyewe inapumua kama mtu. Nilikaa chini pale pale jikoni kwa watu. Wewe ulikuwa umeshaondoka na kosa si lako. Kila mwaka nasema nitamwandikia, kila mwaka naona aibu ya mwaka uliopita."

Maswali, nilifungua mdomo nishangae kama nilivyojizoeza. Lakini alikuwa hanitazami mimi. Macho yake mabovu yale alikuwa ameyasogeza karibu na ubao, anafuata penseli kwa kidole. Akasoma kwa sauti, kumi na nne Agosti. Akasoma tena. Akatazama mahali ambapo hapana kikombe. Kisha akashika mguu wangu, kifundo, pale kwenye kigoda, akanishikilia.

"Ulijua," akasema.

Nikamwambia nilijua.

Akaniambia baba yako hakufa kwa friji. Daktari alimwambia siku waliyofika kwamba figo zilikuwa zimekwisha zamani, dawa zingekuwa nzima angeongeza wiki mbili tu, pengine tatu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Hukungoja." Na ni kweli, sikungoja. Nilishuka kigodani nikalia kwa sauti, mtu mzima na mvi, na yeye akalia, na jirani akachungulia ukutani akarudi kwake kimya. Tulilia miaka yote, mwanangu. Halafu akaanza kucheka, akasema tumekuwa watu wa ajabu, kila mmoja amebeba mzigo wa mwenzake na njiani hatukusalimiana.

Akaingia ndani akatoka na kikombe cha bati chenye maji. Hakuniuliza. Akakitia kwenye friji, akafunga mlango, akaleta kigoda cha pili. Tukakaa. Tulimwongelea baba yako na beseni lake, na namba zake. Tulimwongelea bibi yako na mchungaji. Jua lilipozunguka nikasogeza turubai upande wa friji upate kivuli. Saa nne na robo tulizikaa pale, hakuna aliyesema amechoka.

Nilipoandika tarehe ya tatu, dada aliniomba penseli akachora kikombe mwenyewe. Kimepinda, kinafanana na kiatu. Gauni amelirudisha sandukuni, anasema litakuja kuvaliwa na mtu mdogo, nawe ujue anamaanisha nini.

Kisha akapiga kikombe kwenye ngazi ya Konokono, barafu ikapasuka vipande viwili. Kikubwa akanipa mimi, kama alivyokuwa akifanya tukiwa watoto, na akasimama akinitazama. Meno yamebaki machache, Maswali, lakini nilikitafuna chote.

Mjomba wako Barafu